Neno Ambalo Bi Shubiri Hakulisikia

Watazamaji ndio waliompa jina la Bi Shubiri, naye hakulikataa. Kabla ya hapo, kwa miaka thelathini na mmoja, alikuwa Mwalimu tu. Alifundisha muziki shule ya sekondari, na aliweza kusimama mbele ya kwaya ya wanafunzi sitini, akafumba macho, kisha akamnyooshea kidole yule mmoja aliyekosa noti. Wanafunzi walisema ana sikio la popo.

Alipostaafu, mmoja wa wanafunzi hao, ambaye sasa alikuwa mtayarishaji wa vipindi vya televisheni, alimpigia simu.

"Shikamoo Mwalimu. Tunaanzisha shindano la kuimba. Nataka jaji asiyepaka watu mafuta kwa mgongo wa chupa."

"Marahaba. Nije lini?"

Alikubali upesi hivyo kwa sababu nyumba ilikuwa imemchosha, lakini pia kwa sababu aliamini jambo moja kwa moyo wote: kwamba mtu asiyejua kuimba, akaambiwa mapema, anaokolewa na aibu kubwa zaidi mbele ya safari. Ukweli kwake ulikuwa dawa. Ukiwa mchungu, basi ndio umeiva.

Shindano lilipata watu tangu msimu wa kwanza. Walipanga foleni kuzunguka ukumbi, na vijana wa mtayarishaji waliwasikiliza mmoja mmoja nje kabla hawajafika kwa majaji. Wazuri waliingizwa. Wa wastani walirudishwa makwao. Na wale wabovu kupita kiasi waliingizwa pia, huku wakipongezwa kwamba sauti zao hazijawahi kusikika. Hili la mwisho Mwalimu alilijua msimu ukiwa unaisha. Lilimkera siku mbili, kisha akajiambia kwamba mtu akijidanganya amejidanganya mwenyewe; kazi ya jaji ni kumwamsha.

Basi waliamshwa wa kila aina. Alikuja dada aliyeimba akiwa amewapa majaji mgongo, ati uso wake unaharibu usikivu wao. Alikuja mzee wa makamo aliyeimba kwa lugha aliyoitunga mwenyewe, na akaomba asikatizwe kwa sababu ubeti wa tisa ndio wenye maana. Alikuja kinyozi aliyeapa kwamba akipanda juu vioo vya dukani kwake hupasuka, akatoa mfukoni kipande cha kioo kama ushahidi. Wote hao Mwalimu aliwauliza swali lilelile, akiwa ameinamisha miwani:

"Nyumbani kwako hakuna mtu anayekupenda kiasi cha kukuambia ukweli?"

Swali hilo likawa maarufu. Watu waliliandika kwenye fulana. Wake waliwauliza waume zao waliochoma shati kwa pasi. Ukumbini, Mwalimu akishaanza tu kusema "nyumbani kwako," watazamaji mia mbili walimalizia kwa pamoja.

Nyumbani kwake yeye kulikuwa na binti yake, karani wa mahakama, aliyerudi kuishi na mama baada ya ndoa yake kuvunjika. Kazi ya binti ilikuwa kuandika kila neno lisemwalo mahakamani, na labda ndiyo maana alikuwa wa kwanza kugundua. Televisheni ilikuwa inapandishwa sauti kidogo kidogo, hadi jirani akaja kuuliza kama kuna msiba. Mama aliulizwa habari ya chumvi akajibu habari ya simu. Mama alianza kuwaambia watu wote, kuanzia muuza duka hadi daktari wa meno, kwamba kizazi hiki kinanung'unika, hakijafundishwa kufungua kinywa.

"Mama, twende ukapimwe masikio," binti alisema.

"Mimi? Masikio haya yamefundisha kwaya za wilaya nzima."

Alisema hivyo bila hasira, kama mtu aliyeambiwa miguu yake si yake. Na kweli, sauti nzito alizisikia vizuri. Ni yale maneno mepesi, ya mwisho wa sentensi, yaliyokuwa yakimponyoka. Neno likimfikia nusu, alilimalizia mwenyewe, na mara nyingi alipatia. Alikuwa mwerevu. Mtu mwerevu anaweza kuishi hivyo muda mrefu bila kujua.

Msimu wa tatu, katika siku ya pili ya usaili, aliingia fundi makochi.

Alikuwa mwanamume mpana wa miaka arobaini na kitu, amevaa suti aliyojishonea kwa kitambaa cha sofa, cha rangi ya dhahabu na maua mekundu. Begani ilikuwa imejazwa sponji. Vifungo vilikuwa vile vya kuvalishwa kitambaa, vinavyowekwa kwenye mgongo wa kochi. Ukumbi ulianza kucheka kabla hajafungua mdomo, naye akainama, akidhani anapokelewa.

"Jina la kisanii?" aliuliza jaji wa kulia, mwimbaji kijana aliyependwa sana na wasichana.

"Radi."

Akaimba. Sauti ilikuwa kubwa, hilo hakuna wa kulipinga. Ilianza mahali ikaacha wimbo mahali pengine, ikarudi kuutafuta, wakapishana. Mwimbaji kijana aliuma kalamu. Mwalimu alinyanyua mkono na muziki ukakatwa.

"Fundi," alisema. "Nyumbani kwako..."

"Hakuna mtu anayekupenda kiasi cha kukuambia ukweli!" ukumbi ukamalizia.

Fundi alisubiri kelele zitulie. Alishika kipaza sauti kwa mikono miwili, lakini alikishusha kifuani.

"Alikuwepo mke wangu," alisema. "Yeye alikuwa ananiambia." Kisha akainamisha kichwa. "Amefariki."

Nyuma ya mlango wa ukumbi ndugu wa washiriki walikuwa wakisubiri, na ilikuwa desturi ya kipindi kuwaita waingie. Mwalimu alilisikia neno nusu, akalimalizia kama alivyozoea. Alisikia: amefika.

"Basi mfungulieni mlango aingie," alisema. "Naye aimbe tumsikie. Huenda sauti yote ya nyumba hiyo anayo yeye."

Ukumbi ulinyamaza. Mahali fulani nyuma mtu mmoja alicheka, kicheko cha mtu aliyeshtuka, kikamwambukiza wa pili, na muda si muda ukumbi wote ulikuwa unacheka huku watu wakifunika nyuso. Fundi alimtazama Mwalimu kwa muda. Akaweka kipaza sauti sakafuni taratibu, kama mtu anayelaza mtoto, akatoka.

"Leo umekata mpaka mfupa," mwimbaji kijana alimwambia walipokuwa wakinywa maji. Hakumtazama usoni alipokuwa akisema. Mwalimu alidhani anasifiwa.

Kipindi kilirushwa wiki tatu baadaye, Jumapili alasiri. Mwalimu alikaa kwenye kochi, binti yake akiwa anapiga pasi nyuma yake. Kwa kuwa fundi alikuwa ameshusha kipaza sauti, watengenezaji waliandika maneno yake chini ya picha. Kwa hiyo Mwalimu aliyasoma.

*Alikuwepo mke wangu. Yeye alikuwa ananiambia. Amefariki.*

Kisha akajiona mwenyewe, mwenye miwani na tabasamu, akisema mlango ufunguliwe.

Alisimama. Akakaa tena. Nyuma yake pasi ilikuwa imewekwa chini.

"Mama," binti alisema, "ulimsikia?"

"Alinung'unika. Kama angefungua kinywa..."

"Mama."

Mwalimu aligeuka. Binti alikuja akachuchumaa mbele yake, usawa wa macho, na Mwalimu akatambua kwamba ni muda mrefu sasa binti huyu huongea naye hivyo, uso kwa uso, hata kumwambia tu kwamba chai iko tayari. Alikuwa amedhani ni mapenzi. Yalikuwa mapenzi, lakini si hayo aliyoyadhani.

"Tangu lini?" Mwalimu aliuliza.

"Mwaka wa tatu huu."

"Na hukuniambia?"

"Nilikuambia mara nne, mama. Nikutajie tarehe? Mara ya mwisho ulisema nimezoea kukaa na wahalifu, naona kila mtu ana kosa."

Mwalimu alikumbuka. Alikuwa ameona ni jibu zuri sana, hata akalirudia kwa shoga yake kwenye simu.

Simu iliita. Mtayarishaji alikuwa anapumua kama mtu aliyekimbia.

"Mwalimu, nchi nzima inakuongelea! Nusu wanakulaani, nusu wanarudia kuangalia. Na wanaokulaani pia wanarudia kuangalia."

"Mwanangu, sikumsikia yule mtu. Nilidhani amesema mke wake amefika."

Sauti yake ikaja polepole, safari hii yenye heshima ya mwanafunzi.

"Mwalimu, naomba hilo libaki kati yetu. Jaji mkatili watu wanamzoea. Jaji asiyesikia, katika shindano la kuimba..." Hakumalizia, na hakukuwa na haja.

Akakubali. Hilo ndilo lililomuuma kuliko yote alipolifikiria baadaye: kwamba alikubali, tena upesi. Kwa siku tisa alitembea mjini kama mwanamke aliyemfanyia mjane mzaha makusudi. Muuza duka alimpa chenji bila kumwangalia. Msichana mmoja alimkumbatia mbele ya benki akamwambia, "Bibi, wewe ni moto!" na Mwalimu akatabasamu. Usiku aligundua kwamba kati ya hao wawili, aliyemwogopesha ni msichana. Heri kuonekana mkatili, alikuwa ameamua, kuliko kuonekana mzee. Hakujua kwamba yumo mtu wa namna hiyo ndani yake. Miaka yote alikuwa anawacheka wengine kwa kutojijua.

Siku ya kumi binti aliomba ruhusa kazini, akampeleka hospitali. Mwalimu aliingizwa katika chumba kidogo kama kabati, kuta zimefunikwa sponji. Mpimaji alimvisha vifaa masikioni, akampa kitufe.

"Kila ukisikia mlio, hata mdogo namna gani, bonyeza."

Mlango ulifungwa. Mwalimu alikaa wima, kidole juu ya kitufe, tayari kama mwanafunzi wa mbele. Alisikia mlio mmoja mzito, akabonyeza. Wa pili. Wa tatu ulikuwa kwa mbali. Kisha mashine, kwa alivyoona, ikasimama. Alisubiri. Aliwaonea huruma, vifaa vya hospitali ndivyo vilivyo. Mwishowe akagonga kioo.

"Mtaendelea saa ngapi?"

Mpimaji alifungua mlango. Alikuwa mtu mpole.

"Mama, sikio la kulia tumeshalimaliza."

Hapo ndipo Mwalimu alipolia, si kwenye kochi. Binti alimshika mkono njia nzima, wala hakusema nilikuambia.

Kesho yake alikwenda kumtafuta fundi makochi. Haikuwa vigumu kumpata; kila mtu alimjua sasa. Karakana yake ilikuwa chumba kirefu chenye fremu za mbao zilizorundikwa hadi dari, mikanda ya mpira ikining'inia ukutani, na harufu ya gundi ya kubania sponji. Suti ya dhahabu ilitundikwa kwenye msumari, ndani ya mfuko wa nailoni.

Fundi alimwona, akaendelea kupigilia pini kwenye mkono wa kochi. Alisema kitu akiwa ameinama.

"Nigeukie, tafadhali," Mwalimu alisema. "Nikiona mdomo nasikia vizuri zaidi."

Ilikuwa mara ya kwanza kumwambia mtu hivyo. Fundi aligeuka.

"Nimesema shikamoo."

"Marahaba. Nimekuja kukuomba radhi. Siku ile uliposema amefariki, mimi nilisikia amefika."

Fundi alimtazama kama anayepima kitambaa.

"Amefika?"

"Amefika. Nilidhani yuko nje ya mlango."

Fundi aliiweka chini bunduki ya kupigilia pini. Akakaa kwenye fremu ya kochi ambayo haijavalishwa, mbao zikalia.

"Wanangu wawili waliangalia," alisema. "Mdogo ana miaka sita. Aliniuliza, baba, yule bibi anajua mama aliko? Mbona anasema afunguliwe mlango?"

Mwalimu alibaki amesimama katikati ya vipande vya sponji, mkoba mbele yake.

"Ulimjibu nini?" aliuliza.

"Nilimwambia watu wa televisheni wanaigiza." Alifuta mikono kwenye suruali. "Mbona hukusema mapema? Siku kumi hizi ningelala."

"Niliona aibu. Niliona afadhali watu waseme nina roho mbaya kuliko waseme nimekuwa kiziwi."

Fundi alitikisa kichwa, si kwa hasira sana. Kisha kitu kikapita usoni mwake, kama mtu aliyekumbuka kwamba jiko halijazimwa.

"Ngoja kwanza, Mwalimu. Kama masikio yana hitilafu, basi huenda siku ile sikuimba vibaya."

Lilikuwa tumaini la kweli. Liliuangaza uso wote. Na Mwalimu aliona jinsi ingekuwa rahisi. Neno moja tu, na mtu huyu aliyemdhalilisha angelala na furaha. Nani angemlaumu? Lakini aliona pia kwamba hicho ndicho walichokifanya wale vijana wa mtayarishaji kwenye foleni.

"Imba tena," alisema. "Hapa, karibu yangu."

Akakaa kwenye fremu kando yake. Fundi alikohoa, akaimba ubeti mzima. Sauti yake nzito ilipita kwenye mbao hadi mgongoni mwa Mwalimu, hakuna alichokikosa.

"Mbovu," Mwalimu alisema, kwa sauti ya chini. "Unaanza vizuri, kisha unaacha kujisikiliza. Unaimba kama mtu anayepiga hodi na kuingia kabla hajajibiwa."

Fundi aliangalia viatu vyake.

"Marehemu alikuwa anasema naimba kama mtu anayesukuma kabati," alisema.

"Alikuwa na sikio zuri."

"Lakini nikianza hakuwa anatoka chumbani. Anasema acha, acha, huku amekaa palepale." Aliipapasa fremu. "Hao wa kipindi walinipigia mara tatu. Walisema sauti kama yangu hawajawahi kuisikia."

"Hapo hawakudanganya," Mwalimu alisema. Lilimtoka tu, ulimi wa miaka. Alijiziba mdomo, lakini fundi alikuwa tayari anacheka, mabega yakiruka, na hatimaye Mwalimu akacheka naye. Walicheka mpaka mteja aliyekuja kuulizia viti vyake akasita mlangoni.

Fainali ilirushwa mubashara, kwa hiyo hapakuwa na wa kukata. Ilipofika zamu yake ya kutoa maoni, Mwalimu alivua miwani. Alisema kwamba fundi makochi alimwambia mkewe amefariki, naye hakumsikia kwa sababu masikio yake ni mabovu, yamekuwa mabovu kwa zaidi ya miaka miwili, na katika muda huo amewahukumu watu wengi. "Wapo niliowapatia na wapo niliowaonea, na siwezi kuwaambia nani ni nani. Nyumbani kwangu alikuwepo mtu wa kuniambia ukweli. Mimi ndiye niliyekataa." Akawatakia heri washiriki wawili waliobaki, akasogeza kiti, akatoka kwa mlango wa pembeni ambako binti alikuwa anamsubiri na koti.

Mtayarishaji alimtumia ujumbe: *Mwalimu, ungeniambia kwanza.* Akamjibu: *Nilikuambia.* Msimu uliofuata kiti chake kilikaliwa na mchekeshaji, na watu wakamzoea haraka kuliko alivyotarajia. Hilo nalo lilimuuma kidogo. Alinunua vifaa vya masikio, akavichukia mwezi mzima kwa sababu vilimletea kelele za vijiko na karatasi, kisha akavizoea.

Fundi alileta wanawe siku moja, wamsikie wenyewe kwamba bibi wa televisheni alikosea neno. Mdogo alimkagua vifaa masikioni, akauliza kama vinashika redio. Wakati wa kuondoka fundi alibaki nyuma.

"Mtu mzima anafundishika?"

"Sijui," Mwalimu alisema. "Njoo Jumamosi."

Alikuja Jumamosi hiyo na nyingine. Hakuuliza habari ya jukwaa tena, ingawa mara moja moja alikuja na suti yake ya dhahabu, kwa sababu aliipenda. Walianza na noti moja. Mwalimu aliibonyeza kwenye kinanda, fundi aliitafuta, akaikosa, akaitafuta tena. Wiki ya saba aliipata na kuishika kwa muda wa pumzi moja, akashtuka akaiachia. Miezi ilipita hivyo. Maendeleo, kama ni maendeleo, yalikuwa madogo sana, na Mwalimu kila alipoulizwa "Sasa?" alijibu "Bado," naye fundi alitikisa kichwa kama anayesikia bei aliyoitarajia.

Jumamosi moja ya mwezi wa tano, Mwalimu alikuwa anamwonyesha mstari wa mwisho wa wimbo. Aliimba taratibu, kwa ile sauti ya darasani. Fundi aliinua mkono.

"Mwalimu, samahani. Hapo mwisho umeshuka."

Alitaka kucheka. Jibu lilikwisha kufika mdomoni, tena zuri. Akaliacha. Alinyoosha kidole akabonyeza ufunguo, na noti ikalia juu ya mahali alipokuwa ameiacha sauti yake; si juu sana, lakini juu. Akabonyeza tena kuhakikisha.

"Nimeshuka," alisema.

"Nilisikia," fundi alisema, na ni kama yeye ndiye aliyeshtuka zaidi. "Kuimba bado. Lakini hilo nimelisikia."

Mwalimu alisogeza kifaa cha sikio la kulia kikakaa sawa. "Basi sikiliza," alisema, akaanza mstari upya. Fundi makochi aliinamisha kichwa, akafumba macho.